Kishona Nguo Kati ya Nyumba Mbili

Kila mara mama alipomaliza kunitembelea, nilimsindikiza kuvuka shamba mpaka kwenye ua wa minyaa, hatua chache kabla ya nyumba ya kaka yangu. Hapo tulisimama upande wa huku wa ua, mahali ambapo mtu wa uani kwa kaka hawezi kutuona, nikachuchumaa na kuanza kumtoa sindano za kishona nguo. Zilikuwa zimemjaa kuanzia pindo la kanga hadi kiunoni. Nilizing'oa moja moja, haraka haraka, na yeye alinishika bega ili asiyumbe.

"Zitoe zote, mwanangu," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Kaka yako asije akaona."

Nikimaliza alijikung'uta, akaliweka sawa baibui lake, akazunguka ua na kwenda zake. Mimi nilibaki pale mpaka nisikie mlango wa uani ukifungwa. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa mabinti wawili, nimejibanza nyuma ya minyaa kama mtoto aliyeiba maembe.

Kishona nguo kila mtu wa kwetu anakijua, hata kama hajawahi kusimama akakitazama. Shina lake lina pembe nne, ukilizungusha kati ya vidole unazisikia. Majani yake yana meno madogo pembezoni. Ua lake halizidi kifungo cha shati: petali nyeupe tano, zimezunguka kitovu cha njano, na mara nyingi moja kati ya hizo tano huwa imeliwa na mdudu au imekwisha kuanguka. Ua likikauka, kile kitovu kinageuka kichwa cha sindano nyeusi, na kila sindano ina ncha mbili au tatu zenye vijiba vinavyotazama nyuma. Ukipita karibu tu umeshashonwa. Shuleni kwetu watoto hurushiana migongoni wakati wa mstari, halafu wanasimama na nyuso za watu wasiojua lolote.

Hakioti msituni, wala kwenye mchanga mtupu wa ufukweni. Kinapenda udongo uliowahi kuguswa na jembe kisha ukaachwa. Utakikuta ukingoni mwa kiwanja cha mpira, au juu ya msingi wa nyumba ambayo mwenyewe alikwenda Dar es Salaam na hajarudi kuimalizia, au makaburini, upande wa wale ambao hawana tena wa kuwapalilia. Nami nilikijua hivyo tangu utotoni, kama magugu ya mahali palipoachwa. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja kingeota kwetu, katika shamba ambalo baba alikuwa halali bila kulizunguka.

Kijiji chetu kiko kaskazini ya kisiwa, kabla hujafika Bweni, katika barabara inayokwenda mpaka Ras Mkumbi kwenye mnara wa taa. Nyumba ya baba iko upande mmoja wa shamba. Nyumba za walimu, nilikokuwa nikikaa, ziko upande wa pili. Katikati kuna minazi, na chini ya minazi baba alilima muhogo na kunde. Kukatisha shamba ni dakika kumi kwa mwendo wa bibi kizee. Kuzunguka kwa barabara ni nusu saa na zaidi.

Nilirudi kwa wazazi wangu kutoka Kilindoni nikiwa na talaka yangu mkononi. Baba hakuniuliza chochote. Asubuhi ya pili alinichukua tukaenda shambani, akapiga hatua kutoka kwenye mnazi mmoja uliopinda mpaka kwenye ua wa minyaa.

"Huku chini kote ni kwako," akaniambia. "Utajenga, ukae na wanao. Mtu asikuulize."

"Na kaka anajua, baba?"

"Nitamwambia."

Kazi yangu ilikuwa bado Kilindoni, nikarudi huko kusubiri uhamisho, nao ulichukua zaidi ya mwaka. Kabla haujatoka, baba alipatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ulikufa, na maneno nayo yakamtoka. Aliishi hivyo miezi minane. Nilikuja Ijumaa nilizoweza, na likizo. Siku nyingine zote aliyembeba kwenda msalani, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, ni kaka yangu, ambaye mgongo wake mwenyewe ulikuwa mbovu tangu alipoanguka kutoka juu ya mnazi ujanani. Hilo nalisema mapema kwa sababu kwa muda mrefu sikutaka kulisema.

Baba alipofariki na arobaini ikapita, tulikaa kuzungumza mirathi. Nikasema kipande cha chini nilipewa na baba akiwa hai. Kaka akainua uso, akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ulipewa lini?"

"Nilipokuja na talaka."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi na yeye."

"Mimi nimekaa naye humu ndani mpaka pumzi ya mwisho," akasema. "Wewe ulikuwa mjini. Leo unakuja kunionyesha mpaka?"

Shehe aliyekuwa akituongoza alieleza kwa upole kwamba zawadi ya namna ile inataka ushahidi, na inataka aliyepewa awe amekabidhiwa kweli. Sikuwa na shahidi, na sikuwa nimepanda hata mche mmoja. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimetoka kunyang'anywa nyumba na mwanamume mmoja, na sikuweza kuvumilia kunyang'anywa kiwanja na mwingine. Nikalipeleka jambo barazani. Wazee wa baraza wakaja, wakatembea huku na huku, wakasema mpaka watakapoamua, mtu asilime pale, asijenge, asiangue hata dafu.

Mwaka wa kwanza, nikiwa nimeshahamia nyumba za walimu, shamba liliota kunde zenyewe na majani marefu, likafanana na shamba la mtu mgonjwa. Mzee mmoja wa baraza akafariki, mwingine akahamia kwa wanawe, kikao kikaahirishwa, na kilichofuata nacho kikaahirishwa. Masika ya pili, kishona nguo kikatoka. Kwanza kando ya njia, kisha chini ya kila mnazi, kisha kila mahali. Kufikia mwezi wa sita, ukisimama mlangoni kwangu ulikuwa huoni ardhi. Ilikuwa ni weupe mtupu mpaka kwenye minyaa, na vipepeo wadogo juu yake. Jirani mmoja aliniambia panapendeza. Nikamwitikia tu.

Kaka na mimi tukawa hatusemezani. Tukikutana njiani nilimwamkia, "Shikamoo kaka," kwa kuwa nilifundishwa hivyo, naye aliitikia "Marahaba" huku macho yake yako kwingine. Mama alikaa naye, nyumba ileile aliyoingia akiwa bi harusi. Hakuna aliyemkataza kuja kwangu, lakini alijua jinsi chakula kilivyokuwa kikipoa mezani kila jina langu lilipotajwa. Kwa hiyo aliamua mwenyewe kuja kwa siri. Mara mbili kwa wiki, baada ya adhuhuri, kaka akiwa kwenye mbata zake, nazi alizokuwa akizikausha kwa kuuza, mama alivua kandambili ili zisipige kelele, akapita katikati ya yale maua.

Alikuwa mfupi, na kufikia katikati ya mwaka mimea ilimfika kiunoni na kupita. Nikiwa mlangoni nilikuwa naona kichwa chake na mabega yanakuja taratibu juu ya weupe, kama mtu anayevuka maji. Akifika alikuwa na majani mkononi, yale machanga ya juu, ameyachuma njiani ya kupika mboga. "Kila kitu kina kazi yake," alikuwa akisema.

Mara moja binti yangu mdogo alijikata kiganja kwenye mbuzi akikuna nazi, damu ikawa haikatiki. Mama alitoka, akachuma majani matano sita ya kishona nguo, akayafikicha mpaka yakatoa maji ya kijani, akayabana kwenye kidonda, na kumshika mtoto mkono kwa nguvu huku akimsomea. Damu ikakatika. "Kila kitu kina kazi yake," akasema binti yangu, akiwa bado anafuta machozi, na bibi yake akacheka sana. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu hakikuwa na haraka. Kwa kawaida mama kwangu alikaa kama mgeni wa zamu, sikio moja liko nje. Alisuka ukili wake, akanywa chai, akauliza habari za shule, na kabla jua halijageuka alikuwa ameshasimama.

Ndipo nilipomsindikiza mpaka kwenye minyaa na kumtoa zile sindano. Kwenye kanga zilikuwa rahisi kuonekana. Kwenye baibui ilikuwa kazi, nyeusi juu ya nyeusi. Niliziondoa za mbele kwa macho na za nyuma kwa kupapasa, na daima alikuwa akiniharakisha. "Basi, yatosha, wacha niende."

Masika ya tatu yalipokuja, baraza lilikuwa bado halijakaa. Asubuhi moja, siku ya mapumziko, gari la wageni waliokuwa wakienda kuutazama mnara wa Ras Mkumbi lilisimama kando ya shamba. Akateremka mwanamke mmoja wa Kizungu na mumewe, wakaingia katikati ya maua, wakapigana picha. Mwongozaji wao, kijana wa Kilindoni, akanifuata barazani kwangu.

"Shikamoo mama. Anauliza nani kapanda bustani hii."

"Marahaba. Hajapanda mtu."

Akawatafsiria. Yule mwanamke akatabasamu, akasema maneno mengi, akijing'oa sindano kwenye sketi.

"Anasema mna bahati sana. Kwao mtu anaweza kulipa ili akae mahali kama hapa."

Wakaondoka. Nilibaki nimekaa pale na aibu ambayo sikujua niiweke wapi. Shamba la baba yangu, lililomlisha yeye na babu yake, limekuwa mahali pa kupigia picha kwa kuwa wanawe wawili hawawezi kukaa kwenye mkeka mmoja. Aibu ile ilipandisha hasira, na hasira ile ilikuwa haijashuka mama alipokuja mchana.

Alikaa, lakini ukili hakuutoa. Alivuta pumzi, akasema:

"Mwanangu, mwachie."

"Nimwachie nani?"

"Kaka yako. Mwachie kile kipande, yaishe. Mimi nimechoka. Nataka niwaone mnakula pamoja kabla sijaenda."

"Amekutuma?"

"Hajui hata kama niko hapa."

Sikuamini. Nilimwona kama amekaa upande wa pili, amekuja kwangu kupeleleza nimechoka kiasi gani. Nikasimama. Maneno niliyosema nayakumbuka yote, ningependa nisiyakumbuke.

"Mama, kama unamwonea haya mwanao wa kike, usije. Mimi sitaki tena kujificha vichakani na wewe. Ukitaka kuja kwangu, pita barabarani, mchana kweupe, kila mtu akuone, kama wanavyokwenda watu kwa watoto wao. Usipite tena humo shambani."

Alichukua kikapu chake, akafunga mtandio, akatoka. Sikumsindikiza. Nilisimama dirishani nikaangalia mabega yake yakipungua juu ya maua, na sikuita.

Zikapita siku kumi na moja bila yeye kuja. Nilizihesabu, na kila siku nilijiambia kesho nitamtuma binti yangu amwite. Ijumaa ya wiki ya pili mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikaacha mchana. Nilikuwa darasani nikisahihisha madaftari wakati dereva wa bodaboda aliposimama mlangoni, amelowa mpaka magotini.

"Mwalimu, njoo. Mama yako ameanguka pale kwenye kalvati."

Barabara yetu upande ule bado ni ya udongo, na mvua ikinyesha inakuwa kama sabuni. Nilimkuta amekaa kwenye matope, mguu mmoja umegeuka vibaya, kikapu chake kiko mapajani amekikumbatia. Baibui lilikuwa na tope tu. Halikuwa na sindano hata moja. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu kwa maumivu, lakini aliponiona alijaribu kunyoosha mgongo.

"Nimepita barabarani, mwanangu," akaniambia.

Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya kazi aliyoimaliza.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini Kilindoni walitueleza kwamba inahitaji kupasuliwa, na kwamba watatupa barua ya kwenda Dar es Salaam. Mama akakataa. Alikataa mbele ya daktari, mbele ya kaka yangu na mbele yangu, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. "Sitaki kuvushwa maji nife nikiwa mgeni. Nirudisheni kwangu." Kaka alibembeleza, nikabembeleza, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu sisi wawili kusema neno moja. Hakutusikia. Tukamrudisha nyumbani kwa gari la kukodi, nimempakata kichwa, kaka ameishika miguu isitikisike kwenye mashimo.

Nilipofika mlangoni kwa kaka nilisita. Yeye alinipita, akasema bila kugeuka, "Ingia. Nani atamwogesha?"

Basi nikaingia. Kila siku alfajiri kabla ya shule, na kila alasiri baada ya shule, nilivuka shamba. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mizuri. Mimi na yeye tulimwogesha mama, tukamgeuza, tukampaka mafuta ya nazi sehemu zilizoanza kuwa nyekundu. Kaka alimnyanyua. Alikuwa akimnyanyua kwa namna ya mtu aliyezoea, mkono mmoja chini ya magoti, mmoja nyuma ya mabega, na kila alipoinama nilisikia pumzi ikimkata kwa sababu ya mgongo. Nikaelewa hiyo ndiyo ilikuwa miezi minane ya baba. Nilikuwa nimeisikia kwa masikio tu.

Mama hakuwahi kutaja siku ile. Kaka alipomuuliza alikuwa anakwenda wapi kwenye utelezi, alijibu, "Nilitaka kunyoosha miguu." Akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, nikaendelea kukikoroga mpaka kikapoa.

Ilikuwa kama mwezi wa tatu wa ugonjwa wake, alasiri moja mama amelala, nilipotoka uani nikamkuta kaka anafua nazi kwenye kifuo. Nikakaa kwenye gogo nikaanza kujitoa sindano kwenye gauni. Alikita nazi, akaipinda, akalitoa kumbi, akachukua nyingine. Alizungumza akiwa ameinama vilevile.

"Ulikuwa unaziacha za nyuma."

"Za nyuma gani?"

"Hizo sindano. Za mbele ulikuwa unazitoa vizuri. Kwenye baibui, kiunoni kwa nyuma, ulikuwa unaziacha kila siku."

Niliacha kujitoa sindano.

"Ulikuwa unajua?"

"Akirudi alikuwa analitundika baibui msumarini, anakwenda kulala. Nikilishusha, nakuta zimejaa. Nikizitoa, narudisha msumarini."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona hukusema, kaka?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Alikuwa amezeeka, na mimi sikuwepo wakati anazeeka.

"Ningesema nini? Ningesema, angeacha kuja kwako. Kwangu angekaa ananiogopa na kwako asingefika. Nikaona bora adhani sijui."

Akaikita nazi nyingine. Kisha akauliza, bila ukali wowote:

"Ila hilo moja sijalielewa. Siku ile kwa nini alipita barabarani? Njia yake ilikuwa shambani. Hata mvua ikinyesha alipita shambani."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nimerudi pale uani mara nyingi kichwani, na kila nikirudi naikuta nafasi ile iko wazi, pana, kaka ananisubiri. Nikasema:

"Sijui, kaka."

Mama alifariki kipupwe, asubuhi, baada ya wifi kumpa maji. Mimi na wifi na shangazi mmoja tulimwosha. Alikuwa amebaki mwepesi kama kikapu. Wanaume wakamchukua baada ya adhuhuri. Njia ya makaburini inapita kando ya shamba, na watu walikuwa wengi, njia haikuwatosha. Waliokuwa pembeni waliingia kwenye kishona nguo. Nikiwa mlangoni niliona jeneza likienda juu ya mabega yao, na mimea ikilala upande mmoja na kuinuka tena nyuma yao.

Wiki chache baada ya arobaini ya mama, kaka alikwenda barazani peke yake. Siku ya pili nikaitwa. Nilimkuta amesimama mbele ya wazee, kofia yake mkononi.

"Nataka niseme jambo," akawaambia. "Baba alipokuwa hawezi kusema, alikuwa kila siku ananyoosha mkono wake wa kushoto dirishani, kuelekea kule chini. Halafu ananionyesha picha ya huyu iliyokuwa ukutani. Nilijua anasema nini. Nilijifanya sijui. Kile kipande ni cha huyu. Naomba radhi kwake na kwa baba."

Wazee wakamshukuru, mmoja akafuta macho. Wakaandika, tukatia saini. Njiani kurudi tulitembea pamoja, yeye akiwa mwepesi, anazungumza, ananieleza mahali pazuri pa kuchimba msingi na mahali ambapo maji yanasimama. Alikuwa ameweka mzigo wake chini. Mimi nilitembea kando yake na wangu, na nilijua kwamba kila hatua ninayonyamaza unaongezeka uzito.

Sikujenga. Watu waliniuliza, nikawaambia nasubiri mishahara miwili mitatu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naamka, nashika jembe, nafika ukingoni, nikiona yale maua nakumbuka dirisha langu na mabega yale yanayopungua. Nikawa narudi. Mwaka mzima shamba lilikaa jeupe likiwa langu kwa haki, kwa maandishi, na bila ugomvi wa mtu yeyote.

Mwaka huu, kabla ya masika, kaka alikuja mwenyewe asubuhi na majembe mawili.

"Unaogopa magugu?" akaniambia. "Njoo, tuyaangushe kabla hayajamwaga sindano nyingine. Kikimwaga sasa utakilima mpaka uzeeke."

Tukaanza pamoja, kila mtu na mstari wake. Udongo ulikuwa laini. Kishona nguo kinang'oka kwa urahisi, mizizi yake haina nguvu. Alikuwa mbele yangu kidogo, anapumua kwa taabu, anajishika kiuno kila baada ya hatua kumi, kisha anaendelea. Alikuwa anafurahi. Nikaona siwezi kulima na yeye mpaka jioni nikiwa nimeliweka neno lile kinywani.

"Kaka."

"Naam."

"Siku ile mama alipita barabarani kwa sababu nilimwambia mimi. Nilimgombeza. Nilimwambia asipite shambani tena. Uliponiuliza nilisema sijui. Nilikuwa najua."

Jembe lake lilisimama hewani kidogo, likashuka. Hakugeuka. Aliendelea kulima, pigo baada ya pigo, bila kuharakisha na bila kupunguza, mpaka mwisho wa mstari, kwenye minyaa. Kisha akanyoosha mgongo.

"Alikujibu nini?" akauliza.

"Hakunijibu. Alichukua kikapu chake akaondoka."

Akachuma konzi ya majani, akalifuta jembe pande zote mbili, polepole, kama jembe la mtu mwingine analotaka kulirudisha likiwa safi. Akalitia begani, akapita kwenye pengo la ua, akaenda nyumbani kwake.

Nilikaa pale pale chini mpaka adhana ya adhuhuri. Mstari wake ulikuwa umenyooka. Wangu uliishia katikati.

Mvua zilikuja wiki ile ile. Sikumaliza kulima. Jioni ya siku ile ya kulima wifi alinitumia ujumbe kwamba kaka amekula, amelala, hataki kuzungumza. Kesho yake vivyo hivyo. Nilikwenda Ijumaa, nikabisha hodi, wifi akanikaribisha, lakini kaka alikuwa ametoka kwa mlango wa uani. Tulipokutana barabarani nilisema, "Shikamoo kaka," naye akaniitikia. Sijui kama aliniitikia mimi au alikiitikia kile alichofundishwa. Usiku wa Idi alinitumia nyama kwa mkono wa binti yake, imefungwa vizuri, haina salamu.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Shamba langu limefunga tena. Hata pale tulipopalilia, hata kwenye mstari wake ulionyooka, panachanua. Nimeacha kusema kwamba nitajenga, na watu wameacha kuniuliza.

Wiki iliyopita nikiwa nasahihisha madaftari barazani nilimwona mkwezi wa kijiji anapita katikati ya maua, kamba begani. Akapanda mnazi wa kwanza bila kunisemesha. Nikamfuata.

"Nani kakwambia uangue?"

"Kaka yako," akaniambia kutoka juu. "Kanituma niangue nazi zote za huku chini, nikuletee."

"Alisema nini kingine?"

Alifikiri kidogo, ameukumbatia mnazi kwa mkono mmoja.

"Hakusema kingine. Alisema niangue, nikuletee. Kisha akaenda zake."

Aliangua mpaka alasiri. Akazileta tenga baada ya tenga, akazirundika kando ya ukuta wangu, akaondoka akijing'oa sindano kwenye suruali. Niliziacha nje siku mbili, kwa kuwa sikujua kama ni zawadi au ni yeye anamaliza shughuli zake na mimi. Siku ya tatu mvua ilianza kunyesha, nikawaita mabinti zangu tukaziingiza ndani.